Kijana wa baiskeli, mjini hatari hutoka nyuma



Mazungumzo haya niliyatoa kwanza kwa mdomo pale Ipelele, wilayani Makete, mbele ya vijana waliokuwa wanajiandaa kushuka Njombe na Makambako kutafuta riziki. Wengine walikuwa na baiskeli zao, wengine walikuwa na ahadi tu ya kuazimwa na mjomba aliyetangulia mjini. Nilipomaliza, mzee mmoja akaniomba niyaandike gazetini, kwa kuwa wale waliokwisha kwenda hawakuwapo kuyasikia, na wao ndio walio barabarani hivi sasa. Nimetii.

Niseme mapema kwamba mimi si trafiki wala mwalimu wa udereva. Ni mwandishi wa kujitegemea, nimeishia sekondari, na habari zangu nyingi nazifuata kwa baiskeli, maana nikipanda bodaboda nauli inamaliza malipo ya habari kabla haijachapwa. Ninayoyasema nimeyapata barabarani, mengi kwa kuona, moja kwa kuanguka.

Tuanze na macho.

Sisi tuliojifunzia baiskeli milimani tunajidhania mabingwa. Na kweli, kijana anayeteremka njia za Ukinga na gunia la viazi kwenye keria, mvua imepita, akafika bila kuanguka, huyo si mtu wa kufundishwa kuendesha. Lakini tazama macho yake yako wapi. Yako chini, hatua tatu nne mbele ya tairi. Anatafuta jiwe, mfereji uliokatwa na maji, mzizi, utelezi. Kule kwetu hatari imelala ardhini inakusubiri, na ukiiona umeikwepa. Magari ni machache, na likija moja unalisikia likiunguruma kona mbili kabla.

Mchukue kijana huyo huyo umweke Makambako. Lami ni laini, hakuna jiwe, hakuna mfereji. Anafurahi, anakanyaga pedeli. Macho bado yako chini yanatafuta jiwe ambalo halipo. Hatari ya mjini hailali ardhini, ndugu yangu. Ina injini, ina dereva mwenye haraka zake, na mara nyingi inatoka nyuma ama ubavuni. Hilo ndilo nililokwenda kuwaambia vijana wa Ipelele, na mengine yote ni matawi ya jambo hilo moja.

Wewe uliyekulia Makambako huenda huoni ajabu yake. Barabara kuu ya TANZAM, itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma, inakutana hapo na barabara ya Njombe na Songea. Reli ya TAZARA nayo inapita hapo hapo. Maana yake ni kwamba mafuta na makontena yaendayo Zambia na Kongo, shaba irudiyo bandarini, mbao na viazi vya Njombe, mahindi ya Ruvuma, mabasi ya mikoani, vyote vinapita katikati ya mji mmoja, na katikati ya vitu hivyo yumo mtu mwenye dumu la maziwa kwenye keria. Lori lenye tela lililojaa mzigo laweza kufika tani 50 na ushee. Wewe, baiskeli yako na dumu lako hamfiki kilo 150.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari lisizidi kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi, na magari makubwa ya mizigo na abiria yasizidi 80 nje ya hapo. Hebu tupige hesabu kama darasani. Mwendo wa 50 ni karibu mita 14 kwa kila sekunde. Mwendo wa 80 ni mita 22. Dereva akikuona, awe hodari namna gani, sekunde nzima hivi inapita kabla mguu wake haujagusa breki, na lori lililojaa halisimami kwa kuguswa breki. Kwa hiyo ukijitupa barabarani mita 15 mbele yake ukitegemea kwamba atakuona, atakuona kweli, lakini kuona kwake hakutakusaidia. Na hiyo ni hesabu ya dereva anayefuata sheria. Nani kati yetu hajawaona wasioifuata?

Sasa nisikilize kwa makini hapa, maana hapa ndipo vijana wetu wanapopotelea.

Lori linalotoka upande wa Iringa likitaka kwenda Njombe hukata kushoto. Nawe mwenye baiskeli mahali pako ni kushoto. Njia yako na njia ya lori zinakatana, tena ukiwa upande ambao dereva hakuoni. Dereva ameketi juu, kulia, na chini ya dirisha la kushoto pana sehemu ambayo kioo hakiifikii vizuri. Utingo angeweza kukuona, lakini utingo amelala. Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalijui: lori lenye tela likikata kona, magurudumu ya nyuma hayapiti palipopita ya mbele. Yanakata ndani zaidi, yanasogelea ukingo. Dereva mzoefu analijua hilo, kwa hiyo kabla ya kukata kushoto anaanza kwa kuvuta kulia ili apate nafasi ya kugeuza. Mwenye baiskeli akiona lori limevuta kulia anadhani limempisha. Anashukuru, anaingia. Halafu kichwa cha lori kinageuka kushoto, na tela linaanza kuifunga ile nafasi kama mtu anayefunga mlango wa ghala.

Usiingie kati ya lori na ukingo wa barabara. Hata kama limesimama. Hata kama una haraka, hata kama mwenzako amepita na hakupata neno. Kaa nyuma yake, mahali ambapo unakiona kioo chake cha pembeni na ndani ya kioo unauona uso wa dereva. Usipouona uso wake, basi jua naye hakuoni. Likishakata, barabara ni yako.

Na yapo malori mengine ambayo usukani wake uko kushoto. Dereva wa lori la namna hiyo akitaka kulipita gari lililo mbele yake hawezi kuchungulia. Inambidi atoe nusu ya lori kwanza ndipo aone kama pako wazi. Wewe unayekuja kutoka mbele, ukiona pua ya lori inajitokeza nyuma ya lori jingine, shuka lami mapema. Usibishane nalo kwa kuwa upande ni wako. Makaburini wamo wengi waliokuwa upande wao.

Lori likikupita kwa kasi utasikia upepo. Kwanza unakusukuma nje, halafu linapomalizikia unakuvuta ndani, kuelekea kwenye magurudumu. Anayetoka kijijini hushtuka, anakamata breki ghafla, anayumba. Shika usukani imara, viwiko vilegee, acha breki, endelea kunyooka. Kama umebeba gunia la mkaa, upepo una pa kukushika zaidi, kwa hiyo ukisikia mngurumo nyuma na bega la barabara ni bovu, hakuna aibu kushuka na kusimama pembeni. Mkaa hauozi.

Nilisema jambo moja nililipata kwa kuanguka. Ilikuwa Njombe mjini, asubuhi, nikiwahi kikao ambacho waandishi tuliahidiwa posho. Magari yameegeshwa mstari mmoja kando ya barabara, nami nimeyasogelea nikiyakwepa yanayotoka nyuma. Gari moja la ofisi ya umma, ambayo sitaitaja, likafunguliwa mlango. Wala sikuona mlango. Niliona bluu, kisha nikaiona lami. Nilianguka upande wa katikati ya barabara, na aliyekuwa nyuma yangu, kwa bahati yangu, alikuwa mwenye bajaji na si mwenye Fuso. Yule mkubwa akatoka, akauangalia mlango wake kwanza kama umekwaruzika. Aliporidhika ndipo akaniuliza kwa nini sikupiga kengele. Kidole cha shahada cha mkono wangu wa kulia mpaka leo hakikunji sawasawa, na ndicho ninachoshikia kalamu.

Tangu siku hiyo kila gari lililoegeshwa kwangu ni mlango unaotaka kufunguka. Mlango wa gari dogo ukifunguka wote unachukua karibu mita nzima. Mimi naacha mita hiyo, hata kama wa nyuma yangu wanapiga honi mpaka betri iishe. Nikiwa mbali natazama ndani ya gari kama pana kichwa. Natazama taa za nyuma, maana gari ambalo limezima taa ya breki sasa hivi lina mtu anayetaka kutoka. Natazama tairi za mbele zimegeukia wapi, maana tairi huanza kugeuka kabla gari halijaondoka. Hiyo ndiyo maana ya macho kuwa mbele. Unamsoma mtu kabla hajafanya.

Basi nalo lina tabia zake. Likisimama, abiria wanashukia kushoto, na pale Makambako wachuuzi wa mayai, karanga na mahindi ya kuchemsha wanalikimbilia kabla halijatulia. Ukipita kushoto unamgonga mama wa watu na beseni lake. Ukipita kulia, kuna mwenzake anayelipita kwa kasi ili awahi abiria wa kituo kinachofuata. Wengi wanachagua mojawapo. Mimi nasema usichague, simama tu. Basi halikai siku nzima.

Njombe ni habari nyingine, kwa sababu ya miteremko. Mtu anatoka juu, baiskeli inajiendea, anajiona tai. Kumbuka hapo ndipo unakuwa na mwendo karibu sawa na bodaboda, lakini breki yako si ya bodaboda. Baiskeli zetu nyingi ni zile nzito za chuma, Phoenix na ndugu zake, ambazo kipande cha mpira kinabana rimu ya chuma. Rimu hiyo ikilowa, mpira unateleza. Unabana, na baiskeli inaendelea kana kwamba hukubana, mpaka tairi lizunguke mara kadhaa na maji yafutike. Na Njombe mvua si mgeni, kuanzia Novemba hadi Aprili. Kwa hiyo usingoje kubana breki pale unapoihitaji. Ukianza mteremko rimu zimelowa, gusa breki kidogo kidogo tangu juu, ufute maji, ili ukifika chini penye njia panda na watoto wa shule wanavuka, breki iwe imeamka. Breki ya nyuma itangulie, ya mbele ifuate taratibu. Anayekamata ya mbele peke yake mteremkoni atatangulia kufika kuliko baiskeli.

Wanaopanda mlima nao wana ujinga wao, wa kudandia nyuma ya lori. Nimewaona kwa macho yangu, mkono mmoja kwenye bomba la tela, mkono mmoja kwenye usukani, wanacheka. Mtu aliyedandia lori haoni shimo linalokuja, kwa sababu lori limelifunika. Lori linalipitisha shimo katikati ya magurudumu yake, na yeye analipokea.

Kuhusu hedifoni masikioni, na kuhusu ulanzi, nitasema kwa kifupi maana mmeshaanza kukunja uso. Sikio ndilo jicho la nyuma. Ukiliziba kwa muziki umejipofua. Na ulanzi una msimu wake, najua, nami si mtakatifu. Siku ya ulanzi baiskeli inasukumwa kwa mkono.

Sasa zoezi, ambalo pale Ipelele tulilifanya kwenye uwanja wa mpira. Kutazama nyuma ni kazi, kwa sababu mtu akigeuza shingo, mkono unafuata na baiskeli inahama. Wengi hugongwa hapo hapo wanapogeuka kutazama kama kuna gari. Chora mstari mrefu ardhini. Panda, fuata mstari. Mwenzako asimame nyuma, ainue vidole, nawe ugeuke uvisome na useme ni vingapi, na tairi lisitoke kwenye mstari. Wale vijana walicheka mwanzoni. Katika zamu ya kwanza karibu wote walitoka nje ya mstari, na yule aliyecheka sana alitua kwenye nyasi. Jua lilipokuwa linashuka walikuwa wanasoma vidole bila kuyumba. Ukilijua hilo, kila unapotaka kukwepa shimo au gari lililosimama, unatazama kwanza nyuma, unanyoosha mkono, ndipo unahama. Jirani yangu mmoja wa Makambako alikwepa dimbwi dogo ili asilowe suruali. Alikuwa anakwenda msibani, na msiba wake ukafuata.

Dada zetu wanaosuka na kuvaa khanga au sketi ndefu wanajua wenyewe habari ya nguo na spoku. Ifungeni, msisubiri ikamatwe katikati ya barabara.

Najua msomaji mmoja ananung'unika. Anasema, mwandishi, mbona unamfundisha maskini kukwepa tu, kwani barabara ni ya nani? Nimelisikia, na ni swali halali. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote mwaka 2021, na zaidi ya 90 katika kila 100 walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani sisi. Katika kila 100 hao, 6 walikuwa juu ya baiskeli. Wala haitokani na sisi kupenda kufa. Barabara zetu zimechorwa na watu waliokaa ndani ya magari.

Tazama lami inavyoishia. Ukingo wake umevunjika kama mkate ulioliwa na panya, na pembeni kuna shimo la kina cha kiganja. Mwenye baiskeli akishushwa na lori anaanguka, akibaki juu anagongwa. Ukiuliza, utaambiwa barabara kuu ni ya TANROADS na za mitaani ni za TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Ukienda kwa hawa unaelekezwa kwa wale. Wazee watakumbuka enzi za vibati vya baiskeli, mtu analipia baiskeli yake kwa halmashauri. Fedha ile ilichongewa njia gani? Siku hizi tunatozwa ushuru wa mazao, na gunia lile lile linalotozwa ndilo linalobebwa kwa baiskeli kwenye ukingo uliovunjika.

Msiniambie kwamba hawajui kuchora njia ya baiskeli. Mabasi ya mwendo kasi yalipoanza Dar es Salaam mwezi Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kando yake ziliwekwa njia za waenda kwa miguu na za baiskeli. Kumbe michoro wanayo! Baadaye pikipiki na meza za biashara zimezivamia, lakini angalau zipo za kuvamiwa. Waendesha baiskeli wa huko walikwisha kuungana katika chama chao, UWABA, wakapita mitaani kwa msafara wa baiskeli kudai njia zao. Huku kwetu misafara tunayoijua ni ile ya vigogo, yenye ving'ora, inayotusukumia mtaroni sote, mwenye maziwa na mwenye mkaa, mpaka vumbi litulie.

Basi diwani wako akiitisha mkutano, muulize jambo moja tu, lisilohitaji shahada: barabara ijayo kukarabatiwa itakuwa na bega la lami la upana wa mita moja na nusu, ndiyo au hapana? Akikujibu kwamba mchakato unaendelea, andika tarehe.

Lakini bega hilo, hata akikubali leo, kesho asubuhi halitakuwepo, nawe kesho asubuhi una maziwa ya kupeleka. Kwa hiyo narudi kwenye baiskeli yako.

Wengi tunarudi nyumbani jioni, saa kumi na mbili na nusu, saa moja, na kuanzia mwezi wa sita huku juu ukungu unashuka mapema. Ukungu ukiwa mzito dereva anaona mita 30 hivi. Lori la mwendo wa 80 linazimaliza kwa sekunde moja na nusu, hata haifiki. Katika hizo mita 30 ni lazima uonekane, na koti jeusi la mtumba halionekani. Dainamo ni nzuri, lakini ina kasoro yake: tairi likisimama, taa inazimika. Maana yake unaposimama katikati ya barabara kungoja kukata kulia, wakati ambao unahitaji zaidi kuonekana, ndipo upo gizani. Tochi ndogo ya betri iliyofungwa nyuma kwa mpira, yenye kipande cha plastiki nyekundu, haijui kama umesimama au unakwenda. Na kiakisi hakihitaji hata betri. Mafundi baiskeli wanavyo. Mimi changu sikukinunua. Pale nilipoanguka Njombe, taa ya nyuma ya yule mwenye bajaji ilipasuka alipokamata breki akapanda ukingoni. Tulipomaliza kupeana pole, akaniokotea kipande chekundu, kikubwa kama kiganja, akanipa. Nimekifunga kwa waya nyuma ya keria, na usiku taa zikikipiga kinawaka.